Rebrov ni kocha mzuri au anabahatisha tu? Tuifungue hii taratibu

Kila Ukraine ikicheza mechi kubwa ubishi wa Serhiy Rebrov, kocha aliyepewa timu hiyo ya taifa 2023, unarudi, na kinachochekesha ni kwamba watu wanabishana kuhusu watu watatu tofauti huku kila mmoja akidhani wanamzungumzia mtu yuleyule. Kuna anayesema "si yule straika aliyechemka Tottenham, leo anamfundisha nani", kuna anayesema "huyo kazoea hela za Waarabu, makombe ya kule hata mimi nabeba", halafu kuna wa tatu, na huyu ndo ananiumiza kichwa, anasema "huyo si ndo yule aliyebaki Urusi vita ilipoanza". Wa kwanza ana nusu ya ukweli, wa pili ana robo, wa tatu kamchanganya na mtu mwingine kabisa. Tuanzie chini kabisa halafu tupande.

Maneno kwanza, maana ubishi mwingi unaanzia hapo. Kocha mkuu ni yule anayepanga kikosi na ndo anayetimuliwa timu ikifungwa. Kocha msaidizi yupo benchi, anaendesha mazoezi, anachambua wapinzani, ila neno la mwisho si lake. Kocha wa muda mara nyingi ni huyohuyo msaidizi anayeachiwa timu baada ya bosi wake kufukuzwa, anaisogeza wakati viongozi wanatafuta mtu, na kuna siku anaisogeza vizuri mpaka viongozi wanaacha kutafuta. Halafu kuna mgawanyo mkubwa kuliko yote hiyo, ambao watu wanauruka kama haupo, kocha wa klabu na kocha wa timu ya taifa. Wote tunawaita kocha lakini kazi zao hazifanani hata kidogo, tutafika huko. Rebrov kazifanya zote hizi, kwao na ugenini, ndo maana ukimpima kwa kipimo kimoja lazima upotee.

Sasa yeye ni nani. Kazaliwa tarehe 3 Juni 1974 Horlivka, mji wa makaa ya mawe mkoani Donetsk, enzi hizo bado ni Umoja wa Kisovyeti. Akaanzia Shakhtar Donetsk, mwaka 1992 akahamia Dynamo Kyiv, na pale ndo jina lilipotengenezwa, hasa Valeriy Lobanovskyi aliporudi kuifundisha Dynamo na kumkuta Rebrov na kijana mwingine mwembamba anaitwa Andriy Shevchenko. Wale wawili mbele walikuwa balaa. Novemba 1997 walienda Camp Nou wakaipiga Barcelona 4-0, Shevchenko akafunga matatu, la nne Rebrov, na hiyo ni baada ya kuipiga 3-0 kule Kyiv. Msimu wa 1998/99 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Bayern Munich, sare ya 3-3 Kyiv halafu 1-0 Munich. Vijana wa leo wakisikia Dynamo Kyiv wanaona timu ya kawaida tu ya kukamilisha kundi, ila wakati ule ukipangwa nayo unaanza kuhesabu hasara mapema.

1999 Shevchenko akaenda AC Milan, 2000 Rebrov akaenda Tottenham kwa pauni milioni 11, rekodi ya klabu kwa wakati huo. Na hapa tunaingia kwenye ile nusu ya ukweli ya bwana wa kwanza.

Ukiangalia namba, mechi 59 za ligi, mabao 10. Kwa pesa ile, ni kweli, haikwenda. Lakini angalia mabao yenyewe yalipangikaje, tisa ni ya msimu wa kwanza, moja tu la msimu wa pili. Mtu hasahau kufunga ndani ya likizo moja. Kilichotokea ni kwamba aliyemsajili alikuwa George Graham, Machi 2001 Graham akatimuliwa, akaja Glenn Hoddle mwenye mipango yake na wachezaji wake, na Rebrov hakuwemo kwenye picha. Hii ni hali ambayo mashabiki wa bongo tunaijua vizuri sana, mchezaji analetwa na kocha fulani kwa mbwembwe, baada ya miezi sita kocha hayupo, aliyekuja hamjui wala hamtaki, mchezaji anabaki anakula mshahara na kusukumiwa lawama. Akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo, baadaye akacheza msimu mmoja West Ham, 2005 akarudi nyumbani Dynamo na akacheza soka tamu tu, mpaka akaenda Kombe la Dunia 2006 Ujerumani na kuifunga Saudi Arabia kwa shuti la mbali. Ukraine ikafika robo fainali mwaka ule. Kwa jumla mechi 75 za taifa, mabao 15.

Kwa hiyo "alifeli Spurs", yaani Tottenham, sawa, ila "kwa hiyo hawezi kufundisha" hiyo "kwa hiyo" inatoka wapi? Ukitaka kusema ukweli mimi naona ile miaka ya benchi London inaweza kuwa ilimsaidia kuliko mabao ya Camp Nou, maana kocha asiyewahi kukalishwa benchi hajui yule mchezaji wa kumi na saba kikosini anawaza nini usiku. Hilo ni la kwangu, hajasema yeye.

Kuna kitu kingine kuhusu huyu jamaa ambacho wengi hawakijui na mimi nakipenda sana. Ni mtu wa redio. Simaanishi mtangazaji, namaanisha wale watu wanaofunga antena juu ya paa, wanakaa na hedifoni usiku kucha wanatafuta mtu wa kuongea naye upande wa pili wa dunia. Kila mmoja anapewa alama yake ya utambulisho, ya Rebrov kwao Ukraine ni UT5UDX, na alipokuwa Uingereza akapata nyingine, M0SDX. Wana mpaka mashindano, mtu anakaa masaa na masaa anahesabu amewasiliana na vituo vingapi, na hayo mashindano huyu anashiriki kweli si kwa picha. Hebu fikiria straika wa pauni milioni 11, badala ya kwenda klabu usiku, yuko ndani anasikiliza mikwaruzo ya redio akingoja kituo kimoja kutoka kisiwa kisichojulikana kimjibu.

Haya, bwana wa tatu. Mwaka 2008 Rebrov alienda kumalizia soka lake Urusi, Rubin Kazan, na wakachukua ubingwa wa ligi msimu huohuo. 2009 akastaafu akarudi Kyiv. Mwisho wa habari yake na Urusi ni hapo, na mwaka ule Waukraine kibao walikuwa wanacheza kule, halikuwa jambo la kushangaza mtu. Anayechanganywa naye ni Anatoliy Tymoshchuk, kiungo aliyecheza Bayern Munich, ambaye uvamizi wa Februari 2022 ulipoanza alikuwa kocha msaidizi Zenit ya St. Petersburg na akabaki kimya kazini kwake. Chama cha soka cha Ukraine kikamvua leseni ya ukocha na heshima zake. Walicheza wote timu ya taifa 2006, wote ni Waukraine waliokuwa makocha nje ya nchi, ndo mkanganyiko ulipozaliwa. Februari hiyo Rebrov alikuwa Falme za Kiarabu. Tusilirudie tena hili.

Tuje kwenye ukocha wenyewe. Mtu akistaafu kucheza haamki kesho yake kocha, hata awe nani. Ulaya kuna ngazi za leseni, unaanza chini, unapanda mpaka A, halafu juu kabisa kuna ile ya Pro ambayo ndo inakuruhusu kuwa kocha mkuu ligi kubwa na mashindano ya Ulaya. Huku kwetu ngazi ni za CAF, shirikisho la soka Afrika, ila mpango ni uleule, na tumeshaona makocha wa kigeni wakikaa jukwaani na suti zao wakati msaidizi anaandikwa kwenye karatasi kama kocha mkuu, kisa leseni. Rebrov aliingia kwa mlango wa wengi, msaidizi palepale Dynamo, miaka kadhaa ya kubeba koni na kuchambua wapinzani.

Aprili 2014 Dynamo wakamtimua Oleh Blokhin, gwiji mwenyewe, Rebrov akapewa timu kwa muda. Ukiisoma hiyo tarehe kumbuka Ukraine ilikuwa kwenye hali gani, Crimea imeshachukuliwa, mashariki kunawaka, na Horlivka alikozaliwa ikaangukia mikononi mwa wanamgambo wanaoungwa mkono na Urusi mwaka huohuo. Ligi ilikuwa inachezwa hivyohivyo. Mwezi uliofuata, Mei, Dynamo wakakutana na Shakhtar fainali ya kombe pale Poltava wakashinda 2-1, kocha wa muda akawa kocha kamili. Msimu wa 2014/15 wakachukua ligi bila kupoteza mechi hata moja, na kombe juu yake. 2015/16 ligi tena, na Ligi ya Mabingwa wakavuka kundi lenye Chelsea na Porto, mara ya kwanza Dynamo kufika hatua ya mtoano tangu ile nusu fainali aliyocheza yeye mwenyewe. Wakatolewa na Manchester City, 3-1 Kyiv na 0-0 kule Manchester.

Wabishi husema alishinda kwa sababu Shakhtar walifukuzwa kwao na vita. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa tu. Shakhtar walikuwa wametoka kuchukua ligi mara tano mfululizo, ghafla 2014 hawana uwanja, hawana kambi, wanachezea mechi za nyumbani Lviv upande wa pili wa nchi. Ni mzigo mkubwa. Ila msimu mzima bila kufungwa hautolewi na matatizo ya jirani peke yake, lazima na wewe uwe na timu.

2017 akaondoka, na hapa ndo safari ya nje inaanza. Watu hudhani kocha kwenda nje ni kubadilisha jezi tu na kuongezewa sifuri kwenye mshahara. Kumbe ukienda nje unapoteza vitu ambavyo kwenu ulikuwa huvihesabu. Lugha kwanza, ule utani wa chumba cha kubadilishia nguo unakufa, maneno yanapita kwa mkalimani au kwa lugha ya tatu ambayo si yako wala ya wachezaji. Jina lako nalo linashuka, Kyiv Rebrov ni mwanafunzi wa Lobanovskyi, akisema kaa benchi unakaa, kule unakokwenda wewe ni mgeni ambaye rais wa klabu anaweza kukufukuza kwa mechi tatu mbaya. Na kuna kanuni za wachezaji wa kigeni, kama ilivyo Ligi Kuu Bara, huwezi kujaza timu nzima watu wa nje, kwa hiyo nusu ya kikosi inakuwa ya wenyeji ambao huwajui na huna muda wa kuwajua.

Kituo cha kwanza Saudi Arabia, Al-Ahli ya Jeddah, msimu wa 2017/18. Wakamaliza wa pili nyuma ya Al-Hilal kwa tofauti ya pointi moja. Moja! Akaondoka. Kwa hiyo yule bwana wa "makombe ya Waarabu hata mimi nabeba" aanze na hili, pointi 55 hazikutosha kule. Na hii ni kabla ya wimbi la kina Ronaldo na Benzema kuhamia kule, tusichanganye miaka.

Agosti 2018 akaenda Ferencváros, Budapest. Hapa nataka nikae kidogo maana kwangu ndo sehemu inayoeleza ukocha wake kuliko zote, na ndo watu wanaielewa vibaya kuliko zote.

Ferencváros ndo klabu kubwa ya Hungary, kijani na nyeupe, mashabiki wakali. Kuchukua ligi pale ni wajibu, Rebrov alichukua mara tatu mfululizo, 2019, 2020 na 2021, na mimi wala sitaki kumpa sifa nyingi kwa hizo. Kipimo halisi cha kocha wa timu kama ile ni Ulaya. Mara ya mwisho walikuwa wameingia makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 1995/96, piga hesabu mwenyewe mpaka 2020.

Kwa nini ni ngumu hivyo wakati ni mabingwa wa nchi? Hapa pana swali naulizwa sana, mbona timu ya nne Hispania inaingia moja kwa moja na bingwa wa Hungary anaanza mchujo mwezi wa saba. Jibu ni kwamba UEFA, shirikisho la soka Ulaya, inazipa nchi alama kutokana na klabu zake zilivyofanya Ulaya miaka mitano ya nyuma. Nchi za juu zinapata nafasi nne za moja kwa moja, nchi za chini bingwa wao anaanzia ngazi ya kwanza kabisa. Afadhali kidogo ni kwamba mabingwa wa nchi ndogo wana njia yao peke yao, wanachujana wao kwa wao, hawakutani na timu ya tatu ya Ufaransa njiani. Ila bado ni ngazi nne, na ukiteleza moja tu umetoka.

2020 ikawa mbaya zaidi kwa sababu ya korona. Ratiba ilibanwa, raundi tatu za kwanza zikachezwa mechi moja tu badala ya nyumbani na ugenini, viwanja vitupu. Ferencváros wakawatoa Djurgården ya Sweden 2-0. Raundi ya pili, Celtic, na mechi iko Glasgow. Tarehe 26 Agosti, Celtic Park ambayo kwa kawaida makelele yake yanamtetemesha mgeni kabla hajagusa mpira, siku hiyo kimya, unasikia makocha wanavyopiga kelele. Dávid Sigér akafunga mapema dakika ya saba, Ryan Christie akasawazisha kipindi cha pili, Celtic wakakaa na mpira muda mrefu wakisukuma, mabeki wao wakipanda juu zaidi na zaidi. Dakika ya 75 Tokmac Nguen akachomoka nyuma yao, akabaki yeye na kipa, 2-1, mechi imeisha.

Huyo Nguen mkumbukeni. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini, yeye kazaliwa kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akakulia Norway. Winga mwenye mbio, na Rebrov alimjengea mtindo wake, timu inakaa chini kwa utulivu, mpira ukinaswa unaenda haraka kwa mtu mwenye kasi. Waliosema "alibahatisha Glasgow" hawakuangalia raundi iliyofuata, Dinamo Zagreb 2-1. Halafu ya mwisho, Molde ya Norway, hii ikawa ya kwenda na kurudi, ugenini 3-3, Budapest 0-0. Jumla 3-3, Ferencváros ndani, kwa sababu enzi hizo bado kulikuwa na kanuni ya bao la ugenini, mkifungana jumla aliyefunga mengi ugenini anapita. Kanuni hiyo UEFA waliifuta 2021. Ingekuwa leo wangeongezewa dakika 30.

Kundini wakapangwa na Barcelona, Juventus na, mpira bana, Dynamo Kyiv. Wakamaliza na pointi moja. Ukisoma hivyo tu utasema aibu. Sasa angalia ndani, ile pointi ilitoka kwa sare ya 2-2 na Dynamo, walikuwa nyuma mabao mawili, Nguen akafunga, Franck Boli wa Ivory Coast akasawazisha dakika ya 90. Kule Turin walitangulia kuwafunga Juventus kwa bao la Myrto Uzuni, Ronaldo akasawazisha, Morata akaja kuwaua dakika za nyongeza. Na kuingia tu makundi klabu ilikuwa na uhakika wa zaidi ya yuro milioni 15 kutoka UEFA. Rais wa klabu hakumwajiri Rebrov amfunge Messi, alimwajiri awafikishe pale. Aliyemaliza na pointi moja alikuwa tayari kafaulu mtihani aliopewa.

2021 akahamia Al Ain, Falme za Kiarabu. Wasomaji mlioko Oman mnaujua mji, ukivuka tu mpaka kutoka Buraimi umefika. Msimu wa kwanza, 2021/22, wakachukua ligi na kombe la ligi, Laba Kodjo wa Togo akiwa mfungaji bora. Msimu wa pili wakamaliza nafasi ya pili, na hapo akaaga. Je, hela ilichangia? Ndiyo, Al Ain ni klabu tajiri, sitaki kudanganya. Ila na wapinzani wake ni matajiri vilevile, kwa hiyo hela ikishakuwa kila sehemu inaacha kuwa jibu.

Juni 2023 akapewa timu ya taifa ya Ukraine. Na hapa nirudi kwenye ile ahadi ya klabu na taifa.

Kocha wa klabu ni kama mama lishe, jiko ni lake, sufuria zake, kila siku yuko pale, chumvi ikizidi leo kesho anarekebisha. Kocha wa taifa ni mpishi wa shughuli, anaitwa Alhamisi, anakuta vyombo vya watu, wasaidizi wa kuazima, mmoja kaja kachoka, mwingine kaumia mkono jana, na Jumamosi watu mia tatu wanataka pilau. Ikiungua hakuna kesho, shughuli nyingine ni baada ya miezi miwili. Hawezi kusajili. Akikosa beki wa kushoto hawezi kwenda sokoni, Waukraine ni walewale.

Tena Ukraine ina la ziada, tangu uvamizi wa 2022 hawajacheza mechi hata moja nyumbani. "Nyumbani" kwao ni Wrocław, ni Warsaw, ni Leverkusen. Kwa hiyo hata alipopewa timu ya nchi yake, Rebrov kaendelea kufundisha nje.

Kwenye mechi za kufuzu Euro 2024 alianza kwa kupindua meza Skopje, kutoka 2-0 nyuma mpaka 3-2 mbele ya North Macedonia, wakatoka sare 1-1 na Uingereza, mwisho wakatoka 0-0 na Italia. Wao na Italia wakamaliza na pointi 14 kila mmoja, Italia akapita. Kwa nini? Kwa sababu UEFA mkilingana pointi wanaangalia kwanza mlipokutana nyinyi wenyewe, si mabao ya jumla kama tulivyozoea kwenye ligi nyingi, na Italia alishinda mechi moja kati ya mbili. Ukraine wakaenda mchujo, wakawa nyuma dhidi ya Bosnia mpaka dakika ya 85 wakafunga mawili ya haraka, kisha wakawa nyuma tena dhidi ya Iceland wakageuza 2-1. Hiyo timu ilikuwa na moyo, mtu asiniambie.

Sasa Euro yenyewe, Kundi E, kundi lililoleta kelele zote. Ukraine wakafungwa 3-0 na Romania, wakashinda 2-1 dhidi ya Slovakia, wakatoka 0-0 na Ubelgiji. Pointi nne. Romania pointi nne, Ubelgiji nne, Slovakia nne. Timu zote nne sawa! Kanuni ya "mlipokutana" haisaidii kitu hapo kwa sababu wote mmekutana na wote, mechi ni zilezile, kwa hiyo inashuka kwenye tofauti ya mabao, yaani uliyofunga toa uliyofungwa. Romania na Ubelgiji walikuwa na chanya moja kila mmoja, Romania akawa juu kwa kufunga mengi zaidi. Slovakia sifuri, akapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Ukraine hasi mbili, wa mwisho, kwaheri. Tangu Euro iwe na timu 24 hakuna aliyekuwa ametolewa makundi akiwa na pointi nne.

Watu wakamshukia kwa ile sare ya Ubelgiji, eti aliridhika. Hapana. Iangalieni tena dakika za mwisho, Malinovskyi alipiga kona ikapinda moja kwa moja golini, Casteels akaipangua. Bao lile likiingia Ukraine wana pointi sita. Kosa, kama unataka kulitafuta, liko siku ya kwanza Munich, kipa Andriy Lunin alitoa pasi mbovu ikazaa bao la kwanza, timu ikapoteana, dakika nne kipindi cha pili wakala mawili mengine. Kwenye mashindano mafupi bao la tatu la mechi uliyokwishafungwa ni bao ghali sana, na hapo namlaumu Rebrov kweli, 2-0 mbele ya Romania ungefunga milango ukaenda kulala. Mechi iliyofuata akamweka benchi Lunin, kipa wa Real Madrid, akamweka Anatoliy Trubin. Maamuzi kama yale kocha mwoga hafanyi.

Kufuzu Kombe la Dunia 2026 wakawa kundi moja na Ufaransa, Iceland na Azerbaijan. Sare ya 1-1 Baku ilikuwa aibu, siitetei. Paris, Novemba 2025, wakala 4-0, mitandaoni wakamzika. Siku tatu baadaye Warsaw dhidi ya Iceland, pointi saba kwa saba, na Iceland walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao kwa hiyo sare tu iliwatosha. Mpaka dakika ya 80 bado 0-0. Dakika ya 83 ikapigwa kona, Oleksandr Zubkov akafunga kwa kichwa, Hutsuliak akaongeza la pili mwishoni, nafasi ya pili na tiketi ya mchujo. Zubkov huyu ni yuleyule winga aliyekuwa naye Budapest, Ferencváros ya 2020.